UZI: Neno "kilele", maana zake na asili yake, na kwa nini mlima mmoja huweza kuwa na vilele vitatu

Mwalimu wa Moshi (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Ninafundisha Kiswahili hapa Moshi, mahali ambapo mtu akifungua dirisha asubuhi isiyo na mawingu hukutana na Kibo uso kwa uso. Pamoja na ukaribu huo, wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza mwenyewe. Kama kilele ni sehemu ya juu kabisa ya mlima, na sehemu ya juu kabisa haiwezi kuwa zaidi ya moja, kwa nini kitabu cha jiografia kinasema kwamba Kilimanjaro una vilele vitatu, yaani Kibo wenye mita 5,895, Mawenzi wenye mita 5,149 na Shira wenye mita 3,962? Nilimwomba anipe siku mbili, na siku hizo mbili zimenifikisha kwenye mambo ambayo ningependa tuyajadili hapa.

Nilichogundua kwanza ni kwamba sisi walimu huwa tunalifafanua neno hili kwa haraka mno. Tunasema "kilele ni juu kabisa" kisha tunapita. Lakini juu ni mahali tu, na mtu anaweza kuwa juu ya mlima akiwa bado katikati ya msitu, ilimradi ameukanyaga mlima. Kilele ni kiungo cha mlima, ni sehemu inayosongoka na kuishia hewani, na kwa sababu hiyo mlima wenye miisho mitatu inayosimama kila mmoja peke yake una vilele vitatu bila ubishi wowote, hata kama kimoja kimekipita kingine kwa karibu mita elfu mbili. Tukitaka kutaja kiwango cha mwisho ambacho kitu hakiwezi kukivuka tunalo neno upeo, pamoja na ndugu yake kipeo, na yote mawili yametokana na kitenzi cha zamani -pea, chenye maana ya kukomaa au kufikia ukamilifu. Tukitaka kutaja pale kitu kinapochoma tunalo neno ncha, kama ncha ya kisu au ya sindano, na ndilo tulilolipeleka hadi kwenye ncha za dunia. Maneno haya yanakaribiana sana, lakini sioni namna ya kusema kwamba Kilimanjaro una "upeo mitatu".

Jambo la pili linahusu majina yenyewe. Wazee wa Kichagga wanaoishi chini ya mlima huu hawakuwa na desturi ya kuuita wote kwa jina moja la Kilimanjaro, bali walitaja vilele, na waliviita kwa sura zake. Kibo ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kichagga Kipoo, ambalo hufasiriwa kuwa kitu chenye madoadoa, kwa sababu miamba myeusi huonekana imechomoza katika weupe wa barafu. Mawenzi ni Kimawenze, yaani kile ambacho juu yake pamevunjika, na yeyote aliyekitazama kilele hicho kilichochanika kama meno ya msumeno ataona kwamba jina limekitosha. Ipo na hadithi inayosimuliwa huku kwetu kwamba Mawenzi alizoea kuzimikiwa na moto na kwenda kwa Kibo kuomba kaa, hadi siku moja Kibo alipochoka naye akampiga kwa mchi na kumvunjavunja kichwa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuliposikia "Mawenzi" masikio yetu yalikimbilia neno "wenzi", tukadhani kwamba jina hilo linamaanisha mwenzake Kibo. Nimesikia maelezo hayo yakitolewa hata darasani. Ni mazuri kusikiliza, lakini yanaifuta picha ya kilele kilichovunjika, na mimi naona hasara hiyo ni kubwa.

Kuhusu jina la Kilimanjaro nitasema machache, kwa kuwa limejadiliwa sana. Wamisionari Rebmann na Krapf walilichukua kama neno la Kiswahili, kilima pamoja na njaro, kisha njaro ikafasiriwa ama kuwa ukuu ama kuwa misafara. Tatizo liko wazi: kilima ni mlima mdogo, na si rahisi kueleza ni kwa nini mlima mrefu kuliko yote Afrika uitwe kwa udogo. Ndiyo maana wapo waliorudi kwenye Kichagga na kupendekeza kilelema, yaani kilichoshindikana, kikiungana na neno la ndege au la msafara, kwa maana ya mlima uliowashinda ndege au wasafiri. Naomba tusitumbukie katika mtego wa kusema kwamba kilelema na kilele ni neno moja kwa sababu tu herufi zinafanana. Lile limejengwa juu ya kitendo cha kushinda, na hili letu halina kushinda wala kushindwa ndani yake.

Nimalizie na jambo moja linalonigusa. Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann alipouona weupe ule kwa mara ya kwanza, alimuuliza kiongozi wake ni kitu gani, na yule mtu akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, na barafu, lenye asili ya Kiajemi, hayakumjia kinywani. Alikitaja kilele kwa kile ambacho mwili ungekihisi. Tangu siku hiyo, kilele hicho hicho kimepewa majina na watu wa mbali. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika tarehe 6 Oktoba 1889 walikiita Kaiser-Wilhelm-Spitze, na Spitze kwa Kijerumani ni ncha. Mwaka 1961 kikawa cha Uhuru, na mwenge ukapandishwa na Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba.

Maswali yangu ni mawili. Je, huko mliko neno kilele hutumika kwa vitu gani zaidi ya mlima? Na je, tuseme "kileleni mwa mlima", "kileleni pa mlima" au "kileleni kwa mlima"?

Bint Pangani

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa uzi huu.

Nimezaliwa mwambao, mahali ambapo hakuna mlima wa kuupanda, lakini kilele tulikuwa nacho kila siku, nacho ni cha mnazi. Baba yangu alikuwa mkwezi, na kauli yake ilikuwa kwamba mnazi hauangaliwi shina, huangaliwa kilele. Pale juu ndipo yanapotoka makuti machanga na makarara, yaani maganda yanayofunika maua ya mnazi, na pale ndipo panapoingia chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa na kula sehemu laini ya ndani. Mnazi ukitobolewa shina unaweza kuishi. Ukiharibiwa kilele unakufa wote, kwa sababu hauna mahali pengine pa kuchipulia.

Kwa hiyo Mwalimu, unapoeleza kwamba kilele ni kiungo, mimi nakubali na kuongeza kwamba ni kiungo chenye uhai. Kwetu sisi neno hili lina utomvu ndani yake. Hebu tazama viungo vingine vya mlima: tunasema ubavu wa mlima, mgongo wa mlima, bega la mlima, yote ni maneno ya mwili wa mtu. Tunapofika juu hatuendelei kusema kichwa wala utosi, bali tunaruka kwenda kwenye neno ambalo mti nao unalo. Nadhani aliyeutazama mlima kwa mara ya kwanza na kusema "kilele" alikuwa na mti machoni pake.

Hata magazeti ya michezo yanatuunga mkono bila kujua. Timu inapoongoza ligi huandikwa kwamba "yakwea kileleni". Kukwea ndiyo kazi ya mkwezi wa minazi. Hawaandiki kwamba timu imeangua nazi, lakini kitenzi wamekichukua kwetu.

Mkulima wa Kahawa

Dada Bint Pangani amenikumbusha jambo ambalo sisi wa mkahawa tunalifanya kila msimu. Mche ukifikia kimo fulani tunaukata kilele makusudi, kwa sababu ukiachwa utarefuka na kuwa mti wa kukwea kwa ngazi. Kilele kikiondolewa, machipukizi ya pembeni yanaamka, na mti unapata matawi yanayofikika kwa mkono. Mnazi hauwezi kufanya hivyo, ndiyo maana hufa. Mkahawa uliokatwa na kuachwa bila kupogolewa tena utakuonesha vilele viwili au vitatu vinavyoshindana, na hakuna mkulima atakayesema kwamba kile kifupi si kilele.

Mwanafunzi wa Mwalimu apelekwe shambani tu, jibu lake liko huko.

Mfasiri wa Nairobi

Nawasalimu ndugu zangu wa upande wa pili wa mpaka. Kwa kuwa mmetaja mlima wenu, niruhusuni niutaje wetu, kwa sababu unalithibitisha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mlima Kenya una Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188, na Lenana wenye mita 4,985. Tofauti ya Batian na Nelion ni mita 11 tu, chini ya urefu wa mnazi wa kawaida, lakini katikati yao kuna pengo la barafu na miamba, na mtu aliyesimama kwenye kimoja hawezi kudai kwamba amefika kwenye kingine. Halford Mackinder alifika Batian mwaka 1899, ilhali Nelion ulisubiri hadi mwaka 1929 ndipo Eric Shipton na Wyn Harris wakaufikia. Miaka 30 kwa mita 11! Majina yote matatu ni ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai, nayo yalitolewa na Mackinder. Kwa hiyo vilele vyetu havikutajwa kwa sura kama vya Wachagga, bali kwa kuenzi watu.

Lakini kilichonileta hapa ni kazi yangu. Mimi hufasiri habari, na kila wiki ninakutana na "mkutano wa kilele". Usemi huu haukuzaliwa kwetu. Ulipata nguvu baada ya Churchill kuzungumzia mazungumzo ya kileleni baina ya mataifa makubwa, katika hotuba aliyoitoa Edinburgh mwezi Februari 1950, na kila lugha ikautafuta mlima wake: Wajerumani wakatumia Gipfel, Waarabu wakatumia qimma, nasi redio zikatupatia kilele. Siuchukii, na umekwisha kukaa. Hata hivyo nikipewa nafasi huandika "mkutano wa wakuu wa nchi", kwa sababu msomaji anajua mara moja ni nani wamekaa mezani. Pia naomba watu watofautishe "mkutano wa kilele" na "kilele cha mkutano". Nimeona habari moja ikiyachanganya yote mawili katika aya moja, na msomaji hakuweza kujua iwapo viongozi ndiyo kwanza wanawasili au wanaagana.

Kuna matumizi ambayo siwezi kuyakubali kabisa, nayo ni "saa za kilele" kwa maana ya wakati ambapo magari yanajaa barabarani. Tuna msongamano, tuna saa za msongamano, na kila abiria anaelewa. Lakini "kilele cha maambukizi", tulilolisikia sana mwaka 2020, nalitetea, kwa kuwa aliyelisema alikuwa ametazama mchoro wenye mstari unaopanda na kushuka, na mchoro ule kweli ulikuwa na umbo la mlima.

Mswahili wa Maskati

Assalaam alaykum. Ndugu Mfasiri amelitaja neno qimma, nami nina neno la kuongeza, kwa sababu hapa Omani husikia watu wakidai kwamba Kiswahili kilichukua karibu kila kitu kutoka Kiarabu, hata majina ya milima.

Tuangalie. Kwa Kiarabu mlima ni jabal, na neno hilo lilifika mwambao wa Afrika Mashariki, lakini halikupewa kazi ya mlima, kwa sababu mlima tayari ulikuwa na jina lake la Kibantu. Likapewa kazi ya mwamba mkubwa, ndipo tukawa na jabali. Qimma, yaani kilele, halikupata hata nafasi hiyo. Wapo wanaodhani kwamba liko ndani ya neno letu "kima", kama katika "kima cha chini cha mshahara", lakini kima limetokana na qīma, lenye maana ya thamani, na ni neno jingine kabisa. Kwa Kiarabu masikio hayayachanganyi, kwa kuwa moja lina mīm mbili na jingine lina irabu ndefu. Katika Kiswahili tofauti hiyo imepotea, na ndipo dhana hiyo ilipopata mlango.

Kilele kinafuata ngeli ya ki-vi bila kusuasua: kilele hiki, vilele hivi. Wala hakina undugu na kelele, linalofuata njia yake: kelele hizi, makelele haya. Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi watu wakiandika "kelele cha mlima".

Mwalimu wa Moshi

Marahaba binti yangu wa Pangani, na wa alaykum salaam ndugu yangu wa Maskati. Nimejifunza mengi kuliko niliyoyaleta.

Hoja ya kilele cha mti imenisaidia kufungua fundo jingine lililokuwa likinisumbua. Huku kwetu Tanzania tunasema "kilele cha maonesho ya Nanenane" na tunamaanisha tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho. Tunasema "kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru" na tunamaanisha siku zinapohitimishwa. Kwa mtu anayefikiria mlima pekee, matumizi haya yana kasoro, kwa sababu mlima ukifika kilele huteremka upande wa pili, na sherehe ingepaswa kuwa na siku za kushuka. Nilikuwa nimejiandaa kuyapinga. Lakini kwa mtu anayefikiria mti hakuna kasoro yoyote: shina linapanda, linapanda, na kilele ndicho mwisho wake, baada ya hapo ni hewa tupu. Basi siku ya mwisho ya maonesho ni kilele kwa haki yake yote, nami nimeufuta mstari niliokuwa nimeuandika katika maandalio yangu ya somo. Katika fasihi mambo ni tofauti. Kilele cha mgogoro katika tamthilia huja kabla ya mwisho, na baada yake kuna mteremko wa kusuluhisha, kwa hiyo pale tunautumia mlima. Neno moja, picha mbili. Mfasiri atafurahi kusikia kwamba hata klimaksi ya Wazungu ilianza kama ngazi katika Kigiriki, kisha ikahama kutoka kwenye ngazi yenyewe hadi mahali ngazi inapoishia.

Sasa nirudi kwenye swali langu la pili, ambalo naona wengi wamelikwepa. Nomino ikishachukua -ni inaingia katika ngeli ya mahali, na hapo kuna hiari tatu zenye maana tatu. "Kileleni pa Kibo" ni mahali dhahiri panapoweza kuoneshwa kwa kidole, pale penye ubao wa Uhuru. "Kileleni kwa Kibo" ni kule juu kwa jumla, bila kutaja ni jiwe gani. "Kileleni mwa Kibo" ni ndani yake, na kwa bahati njema Kibo ina ndani, kwa kuwa ni volkano yenye kasoko kubwa, na katikati ya kasoko hiyo kuna shimo la majivu. Kwa hiyo mtu aliyelala kambi ndani ya kasoko amelala kileleni mwa Kibo, na aliyepiga picha penye ubao amesimama kileleni pake. Magazeti huandika "kileleni mwa msimamo wa ligi", nami nalivumilia, kwa kuwa timu inakaa ndani ya jedwali. "Kileleni mwa mnazi", hata hivyo, sina hakika kama mkwezi angelikubali.

Bint Pangani

Angelikubali, Mwalimu. Mkwezi akifika juu huingia baina ya makuti, hata wewe wa chini humwoni. Yumo.

Mpagazi wa Barafu

Wazee wangu, heshima kwenu. Nimesoma uzi wote nikiwa nyumbani Marangu baada ya kushuka juzi, na nimeona niseme jinsi maneno haya yanavyotumika kazini.

Kwanza niseme kwamba mbele ya wageni na hata sisi kwa sisi, neno kilele tunalitumia kwa nadra. Usiku wa kuondoka Kambi ya Barafu tunasema "leo samiti", kutoka Kiingereza, na kila mpishi na mpagazi anaelewa kwamba waongoza watalii wataamka kabla ya saa sita. Sijivunii jambo hilo baada ya kusoma mlichoandika, lakini ndivyo lilivyo.

Pili, mlima wenyewe unatoa jibu kwa yule mwanafunzi. Anayepitia Marangu hufika kwanza Gilman's Point, palipoandikwa mita 5,685. Anayepitia Barafu hufika kwanza Stella Point, palipoandikwa mita 5,756. Wote wawili wameshafika kwenye ukingo wa kasoko, na wengine hulia pale kwa furaha wakidhani kwamba wamemaliza. Hifadhi huwapa cheti, lakini si kile cha Uhuru. Kutoka Stella hadi Uhuru ni kama saa nzima ya kutembea kwenye ukingo, na mgeni aliyechoka huniuliza kila baada ya hatua kumi kama hapa ndipo kileleni. Kwa Kiingereza zile sehemu zote mbili huitwa pointi, na Uhuru huitwa piki. Kwa Kiswahili sijui mngeniambia niziite nini, lakini mimi nimekuwa nikiziita ukingo, na Uhuru peke yake nikaiita kilele.

Tatu, Mwalimu ametaja Mwenge. Maneno yanayokaririwa husema kwamba mwenge uliwekwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Juu, si kileleni. Nilikuwa sijalifikiria hilo hadi niliposoma ufafanuzi wako wa mwanzo.

Mwalimu wa Moshi

Mpagazi, "ukingo" ni neno sahihi kabisa, na nitalichukua darasani kesho: ukingo wa Gilman, ukingo wa Stella, kilele cha Uhuru. Kuhusu Mwenge umenishika. Nadhani "juu" lilichaguliwa kwa sababu mwanga ulikusudiwa kumulika mbali, na anayetazama kutoka mbali hauoni mchongoko wa jiwe, huona kimo. Nyirenda aliyekuwa amesimama pale kwenye baridi ndiye angesema kileleni.

Niulize swali moja la mwisho, kwa kuwa wewe unafahamu Kichagga cha Marangu. Je, nyumbani wazee wanaposema mtu amefika juu kabisa ya Kibo, wanatumia neno gani?

Mpagazi wa Barafu

Mwalimu, nimemuuliza mama sasa hivi. Amesema yeye kwa maisha yake yote, baba alipokuwa akipanda na sasa mimi ninapopanda, husema tu "ameenda Kipoo", na nikirudi husema "ametoka Kipoo". Kisha akanitazama, akauliza ni mahali gani pengine ambapo mtu angekuwa amekwenda.